Uji wa Kahaso

Twaiba hakuzaliwa na shaka, alifunzwa. Mwalimu wake alikuwa mumewe wa kwanza, dereva wa lori la mchanga, mtu wa maneno matamu na safari nyingi. Siku moja Twaiba alikwenda arusini huko Waa, akasimamishwa njiani na mtoto mwenye adabu zake na paji la uso la yule dereva. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa." Na mtoto ajuaye kuamkia si mtoto aliyezaliwa jana. Twaiba akaitikia marahaba, akaingia arusini akala pilau ya watu mpaka akashiba, maana pilau haikuwa na kosa lolote, kisha akarudi kwake kufunga sanduku.

Kwa hivyo alipoolewa tena, na Suleiman, fundi wa kuezeka makuti, alimpenda kwa jicho moja. La pili alilibakisha lindoni.

Suleiman alikuwa mtu mpole wa maneno machache, na kwa mwanamke aliyefunzwa na dereva, mwanamume wa maneno machache ni mtu wa kuchunguzwa. Mabanda mengi ya hoteli za Diani yaliyo na paa zuri yalipita mikononi mwake. Siku hizi kazi yake ilikuwa Majoreni, ambako tajiri mmoja alikuwa akijenga vijumba vya wageni. Alilala huko huko, akarudi nyumbani mwisho wa juma, nyuma ya barabara kuu ya Msambweni, kwa mkewe na kwa mama yake mzazi, Bi Mejumaa.

Hakuwa mume mbaya. Mwezi uliopita Twaiba aliposhikwa na malaria, akatetemeka mpaka kitanda kikalia, ni Suleiman aliyempeleka zahanati na kumsimamia ameze dawa zote. Akampikia na uji wa mchele. Uji uliungua, naye akamlisha mgonjwa wake ule wa juu, akala mwenyewe ule wa chini mweusi bila kusema neno. Twaiba aliliona hilo, akaliweka moyoni. Lakini hata dereva aliwahi kumnunulia viatu.

Basi, asubuhi ya Jumamosi moja wakaingia watu wa utafiti. Aliyewaongoza aliitwa Milcah, msichana wa bara aliyekaa Ukunda mpaka Kiswahili chake kikaanza kujifunza kuketi kitako.

"Shikamoo, bibi," alimwambia Bi Mejumaa. "Tumekuja ile kazi ya malaria. Tunapima kila mtu wa nyumba mara tatu, damu ile ile."

"Marahaba, mwanangu. Mara tatu? Mimi hata mimba zangu hazikupimwa mara moja."

Milcah akacheka, akaeleza. Tone la kwanza ni la kipimo cha haraka, kijibao cha plastiki kinachotoa jibu watu wakiwa bado wamekaa. La pili hupakwa kwenye kioo, likatazamwe kwa hadubini. La tatu huangushwa kwenye karatasi, likauke, lipelekwe maabara ya mbali. Nia yao ni kujua kipimo kipi kinasema kweli zaidi.

"Kwani malaria si ni malaria tu?" aliuliza Twaiba. Alikuwa akikanda unga wa mahamri ya kuuza, mikono myeupe hadi viwikoni.

"Mama, ukipita kwa jirani ukasikia harufu ya samaki wa kukaanga, unajua nini?"

"Kwamba sikualikwa."

"Pia. Lakini unajua samaki yuko, ama alikuwako. Hiki cha haraka ni pua. Kinanusa. Samaki anaweza kuwa ameliwa kitambo, na harufu bado imebaki. Mtu amekunywa dawa, amepona kabisa, na wiki kadhaa baadaye kipimo bado kinasema ana malaria. Hadubini nayo ni jicho. Inamtafuta samaki mwenyewe kwenye sahani. Lakini kama ni kidagaa kimoja tu chini ya wali, jicho lililochoka litakipita. Hii ya karatasi ndiyo kali, inatafuta mpaka gamba lililoangukia chini ya mkeka. Sasa hiyo inachukua muda."

"Na ipi ya kuaminiwa?" aliuliza Suleiman.

"Ndiyo tunalinganisha, baba. Kila moja inakosea kwa njia yake."

"Kama mashahidi," akasema Bi Mejumaa, akatoa kidole.

Wakaulizwa kila mmoja kama ametumia dawa ya malaria karibuni. Bi Mejumaa akasema yeye na dawa hawajuani. Twaiba akasema ndiyo, mwezi uliopita. Suleiman akasema, "La. Sijaugua malaria tangu sijaoa." Akatabasamu. Twaiba akaliweka tabasamu hilo akibani.

Vijibao vitatu vilipangwa mstari mmoja kwenye sinia la Twaiba, kimezani: cha Suleiman mwanzo, akiwa ndiye mwenye nyumba, cha Bi Mejumaa katikati, cha Twaiba mwisho. Mstari mmoja ni salama, alieleza Milcah. Miwili ni malaria. "Aliye na homa na mistari miwili, tunamtibu hapa hapa. Aliyetumia dawa karibuni na hana homa hatumpi tena, tunangoja hadubini. Na majibu ni siri ya mtu. Kila mtu nitamwita pembeni." Akatoka na vile vioo kwenda kuvianika penye hewa.

Hapo sasa Twaiba akaona aibu. Wageni wamo nyumbani, vidole vya watu vimeshatobolewa, na hakuna aliyeonja kitu! Kimeza kilikuwa kimoja tu, nacho kimekaliwa na malaria. Akalinyanyua sinia, akaliweka barazani, akatandika kitambaa, akaleta mahamri, mbaazi za nazi na birika la kahawa ya tangawizi. Lilikuwa sinia lake la arusi, la mviringo, limenakshiwa maua ukingo mzima. Popote ulitazamapo ni lile lile.

Aliporudi na vikombe, jicho la lindoni likachungulia.

Cha mwisho, mstari mmoja. Hicho ni changu, alijiambia, alhamdulillahi, dawa imefanya kazi. Cha katikati, mmoja. Cha kwanza, miwili.

Akaweka vikombe chini, akahesabu tena.

Milcah akarudi, akaokota kijibao kimoja kimoja, akakigeuza ubavu karibu na macho, akaandika. Kisha akamwita Suleiman nyuma ya nyumba. Twaiba aliyatega masikio mpaka yakamwuma, lakini alichosikia ni kicheko tu. Suleiman alirudi mikono mitupu, hana dawa wala bahasha. Ilipofika zamu yake yeye, Milcah alimwambia kwa sauti ya chini, "Wewe, mama, ulitumia dawa juzi, sivyo? Cha kwako tungoje hadubini. Usiwe na wasiwasi." Twaiba akaitikia ndiyo ndiyo bila kusikia. Alikuwa akimtazama Suleiman anavyotafuna hamri lake kwa amani.

Gari lilipoondoka, Twaiba alikaa jikoni akapanga hesabu zake kama apangavyo kuni. Kipimo kimenusa malaria kwa Suleiman. Hana homa. Hakupewa dawa. Na asiyepewa dawa ni nani? Milcah alisema mwenyewe: ni yule aliyekwisha kuitumia. Kwa hivyo huko nyuma ya nyumba alimnong'oneza yule msichana kwamba aliugua na kutibiwa, na mbele ya mkewe akasema la, akatabasamu. Aliugua wapi, ikiwa nyumbani kwake hakuugua? Majoreni. Na mgonjwa wa malaria hajihudumii. Kuna mtu alimfunika. Kuna mtu alimpoza paji la uso kwa kitambaa. Kuna mtu, Twaiba aliwaza, alimpikia uji.

"Milcah alikwambia nini?" alimwuliza jioni.

"Kwamba niko sawa."

"Sawa gani?"

"Sawa hiyo hiyo. Kuna sawa ngapi?"

"Mbona ulicheka?"

"Aliniuliza nani kapika yale mahamri. Nikamwambia ni yule anayenitazama dirishani."

Jibu zuri mno. Dereva naye majibu yake yalikuwa mazuri.

Tangu hapo nyumba ikawa na baridi. Kila Suleiman aliporudi kutoka Majoreni, Twaiba alinusa shati lake kabla ya kulifua. Lilinuka makuti mabichi na jasho, nalo akalishuku kwa kunuka vizuri kupita kiasi. Alimshika mkono akaona amekonda, au pengine amenenepa. Yote mawili yalikuwa ushahidi.

"Uliugua lini?" akamwuliza.

"Kuugua nini?"

"Malaria, Suleiman. Nimeona mistari yako."

"Basi hicho kipimo kimekosea. Si walisema vinakosea? Ngoja hadubini."

"Hadubini itaona nini, na samaki mmeshamla?"

Suleiman akamtazama mkewe kama mtu aliyeulizwa njia kwa lugha asiyoijua. "Samaki gani?"

"Muulize uliyemla naye."

Bi Mejumaa, aliyekuwa akichambua mchele, akaingilia. "Mwanangu Twaiba, huyu nimemzaa mimi. Tangu utotoni akiugua hulia mpaka mtaa wa pili wakasikia. Angeugua Majoreni tungesikia kutoka hapa."

"Mavyaa, hata yule wa kwanza alikuwa na mama."

Wiki ile Twaiba aliacha kumpikia mumewe. Mahamri ya kuuza aliyapika kama kawaida, mtaa mzima ukala ukasifu, na chungu cha nyumbani kikalala kifudifudi. Bi Mejumaa alipelekewa sahani yake chumbani kwa heshima. Suleiman alikula mkate mkavu Ijumaa, akala mkate mkavu Jumamosi. Jumapili alikuta sanduku la mkewe limefungwa, liko mlangoni, limekazwa kwa kamba yake yeye mwenyewe ya kuezekea.

"Nakwenda Waa kwa kaka yangu," alisema Twaiba. "Nieleze kweli, nibaki. Sema tu nimwambie kaka nini."

Suleiman akaketi juu ya lile sanduku. Alitazama paa lake, kuti baada ya kuti, kama kwamba jibu liliezekwa mle. Akashusha pumzi.

"Haya. Niliugua."

Twaiba alikuwa akilingoja neno hilo juma zima, na lilipokuja akashika mwimo wa mlango. "Wapi?"

"Majoreni."

"Ukanificha."

"Ili usihangaike."

"Nani alikupikia uji?"

Kuku akapita mlangoni, akaona hali ilivyo, akarudi.

"Kahaso," alisema Suleiman.

"Kahaso nani?"

"Mpishi wa pale kazini."

"Uji wa nini?"

"Wa... mtama."

"Wewe huli mtama."

"Mgonjwa hachagui."

Twaiba hakwenda Waa. Mwanamke akishajua jina la adui haondoki uwanjani. Kesho yake alikwenda madukani, akapekua leso zote za muuzaji mpaka akaipata aliyoitaka, nyekundu iliyokoza, na jina lake, ule msemo wa leso, limeandikwa kwa herufi kubwa: MPISHI WA WATU, CHUNGU CHAKO KI WAPI? Akamkabidhi Suleiman doti nzima ndani ya mfuko.

"Mpelekee Kahaso. Mwambie ni ahsante kwa kuniuguzia mgonjwa wangu."

Suleiman akasoma jina. Akasoma tena. "Nimpelekee hii?"

"Kwani ina nini? Si zawadi?"

Aliporudi mwisho wa juma, Twaiba alimngojea kizingitini. "Alisemaje?"

"Alisema ahsante."

"Basi?"

"Alipenda rangi."

Rangi! Mwanamke anatukanwa kwa herufi kubwa, anapenda rangi! Huyu Kahaso, aliwaza Twaiba, ama hajui kusoma ama ana roho ya chuma. Akaanza kumwogopa.

Majuma yalipita hivyo, Twaiba akipika tena, lakini chakula kikitua mbele ya Suleiman kama hati ya mahakama. Hata siku moja Milcah akarudi. Majibu yote yalikuwa tayari, pamoja na yale ya karatasi. Alianza na Bi Mejumaa, akamwita Suleiman, kisha akamkuta Twaiba jikoni akipuliza moto wa vifuu.

"Mama, habari njema. Hadubini haikuona kitu, na ile kali haikuona kitu. Umepona kabisa. Ile mistari miwili yako ilikuwa harufu tu, ya ule ugonjwa wako wa kabla tuje."

Twaiba aliacha kupuliza. "Mistari yangu?"

"Ya kipimo cha haraka. Si nilikwambia tungoje hadubini?"

"Hapana, mwanangu. Changu kilikuwa na mmoja. Cha mwisho. Nilikiona kwa macho haya."

Milcah akamtazama kwa makini. "Vijibao vina namba, mama, ubavuni. Sisomi kwa vile vilivyopangwa. Halafu lile sinia mimi niliacha mezani, nikarudi nikalikuta barazani, limegeuka, cha mwisho kimekuwa cha kwanza. Ni wewe ulilihamisha?"

Twaiba akageuka kulitazama lile sinia, lililokuwa limeegemezwa ukutani na maua yake ukingo mzima. Halikuwa na kichwa wala miguu. Alilihamisha ili wageni wapate pa kuwekewa mahamri.

"Na mume wangu?" aliuliza, sauti ikiwa imemshuka.

"Ya baba siwezi kukwambia, ni siri yake. Muulize." Milcah akakaza mkoba wake begani. "Leo mahamri hakuna?"

Akapewa, akaondoka. Twaiba alibaki ameketi mbele ya moto unaozimika. Kwa dakika chache alikuwa mwenye furaha. Mistari ni yake, mumewe ni msafi. Kisha shaka, ambaye ni mwanafunzi asiyekosa darasa, akanyoosha mkono. Kama Suleiman hakuugua, basi ule uji ulikuwa wa nini?

Alimkuta uani, akishona makuti kando ya mama yake. Akaketi.

"Milcah amekwambiaje?"

"Safi. Vyote vitatu."

"Ule uji wa Kahaso, si ulisema ulikuwa wa wimbi?"

"Eeh," alisema Suleiman bila kuinua kichwa. "Wa wimbi."

"Ulisema mtama."

Mkono wa Suleiman ukasimama.

"Hukuugua," alisema Twaiba.

"Sikuugua."

"Hakuugua?" Bi Mejumaa alipaza sauti. "Na mimi niliyesali rakaa za shukrani?"

"Nilisema la, ukaacha kupika," Suleiman akamwambia mkewe polepole. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja. "Nikasema la tena, ukafunga sanduku. Kwa kamba yangu. Nikaona la ya tatu itakufikisha Waa. Ulikuwa unataka mgonjwa, Twaiba. Nikakupa mgonjwa."

"Ukanidanganya vizuri hivyo! Na mtama ndani yake!"

"Uliuliza uji wa nini. Ningesema nini?"

Hapo Twaiba angeweza kunyamaza na siri ya sinia lake. Hakuna aliyeijua ila Milcah, na Milcah kazi yake ni kutunza siri. Alitazama vidole vya mumewe, vyenye mikato ya makuti. Akakumbuka ule uji mweusi wa chini ya sufuria.

"Mistari ilikuwa yangu," alisema. "Nililigeuza sinia nikiandaa kahawa. Nikasoma changu kwa jina lako."

Bi Mejumaa akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakamtikisika.

Suleiman hakucheka. Aliinuka, akaenda kwenye kikapu chake cha kazi, akapekua chini ya kamba na panga, akatoa mfuko. Leso ilikuwa ndani, imekunjwa vile vile ilivyotoka dukani.

"Hukumpa," alisema Twaiba.

"Ningempaje? Mama wa watu hajanipikia hata chai ya mgonjwa. Na jina lenyewe hilo! Ningerudi nimevunjwa mkono, niezeke kwa meno?"

"Lakini jina lake lilikujaje haraka vile? Wanawake wote wa dunia, ukamtaja yeye."

"Nilikuwa na njaa," alisema Suleiman. "Tangu Ijumaa. Uliponiuliza nani, nikakumbuka mtu mwenye sufuria."

Bi Mejumaa alikuwa ameshaitoa ile leso mfukoni, ameitandaza magotini. Akaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuoni: mpishi wa watu, chungu chako ki wapi. Akamtazama Twaiba. Akatazama kikapu cha mahamri ya kuuza, kisha mlango wa jikoni uliokuwa hautoi moshi. Alichukua mkasi, akatenga vipande viwili, kimoja akajifunika mwenyewe, cha pili akamtupia mkaza mwanawe.

Twaiba alijifunga kiunoni, jina likawa nyuma, mahali ambapo kila mtu angelisoma isipokuwa yeye. Akaenda zake jikoni. Mlangoni akasita, akageuka.

"Huyo Kahaso. Ni kijana?"

"Ana meno mawili," alisema Suleiman.

"Sikukuuliza meno," alisema Twaiba, akaingia kuwasha moto.